Apdeti Iliyokuja na Salamu

Melki, nimeponea chupuchupu!

Kompyuta ya kijiji, ile yenye rekodi za sauti za wazee wakimsimulia mke wangu Elina walivyohamia vijiji vya ujamaa, leo imeandika: weka apdeti haraka, ukiwa na shaka piga namba hii. Na diploma yangu yote nikapiga hiyohiyo!

Kijana akapokea. "Shikamoo mzee. Umeshakula?"

Umeshakula, Melki! Tangu tumzike Elina nani ameniuliza hivyo?

Nikamwambia nitampigia. Nikamtafuta fundi wetu wa Singida mjini. "Mzee, sisi hatujatuma apdeti. Huyo mwizi, atakufutia kila kitu. Usibonyeze!"

Sikubonyeza. Elina bado yumo humo, anawachekesha wazee.

Ila yule mwizi nimempigia tena. Nimemwambia bado sijala.