Kungoja Picha ya B

Jumatatu, 9 Machi
Picha A imewaka! Kwasari yetu, kiini king'aavu cha galaksi, iko mbali mno, na galaksi nyingine iliyokaa kati yake na sisi hupinda mwanga wake, ndiyo maana tunaiona mara nne — A, B, C, D. Eksirei za A zimepanda maradufu. Mwanga wa kawaida haujapanda sana. Nadhani ni nyota tu ya ile galaksi imepita mbele ya A na kuikuza. Eksirei hutoka kwenye kijisehemu kidogo karibu na shimo jeusi, kwa hiyo hukuzwa zaidi. Profesa anataka kutangaza kesho. Nimegoma. Mwanga uleule hufika kwa njia ya B wiki mbili baadaye. B nayo ikiwaka, basi ni kwasari yenyewe, na tasnifu yangu, inayotegemea nyota hiyo, kwishney! Tungoje. Profesa kanuna.

Alhamisi, 12 Machi
Kurwa kaanguka darasani, mbele ya wanafunzi wake. Moyo. Daktari anasema misuli yake imelegea: labda kirusi kimempitia, atapona, labda ni ya kuzaliwa, atawekewa mashine kifuani. Akauliza kama sisi ni pacha wa kufanana. Kwani haoni? Basi na mimi nipimwe, itamsaidia kujua: na wangu ukiwa umelegea, ni ya kuzaliwa. Nikasema nina kazi nyingi.

Jumapili, 15 Machi
Kurwa kitandani, nywele timtim, ulimi uleule. Nilimsimulia A na B nimpunguzie mawazo. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha: kumbe Profesa umemziba mdomo mpaka B ionekane, na B wangu mimi anakimbia hospitali? Nilicheka. Halafu nikaenda kulia chooni. Naogopa, basi.

Ijumaa, 20 Machi
B kimya bado. Nimeomba miadi ya kupimwa. Jumanne.

Jumanne, 24 Machi
Data zimeingia asubuhi. B imetulia! Ni nyota kweli. Profesa kapiga meza: si nilikwambia, Doto?

Sasa niko kwenye benchi, nje ya chumba cha vipimo. Mpimaji alianza na soga, eti mama yetu alitutofautishaje. Jeli baridi kifuani. Mara akasimamisha kifaa mahali pamoja. Akarudia palepale, akarudia tena. Akasema nisubiri nje, anamwita daktari.

Kurwa kaletwa kwa kiti cha magurudumu. Wameonaje? Bado, nikasema. Hana utani leo. Ningekubali B iwake, tasnifu nianze upya, ili huku ndani pawe shwari.

Kanishika mkono. Ananiomba msamaha. Yeye! Wa nini sasa — mlango unafunguka