Nirudishieni Jiko Langu

Jumatatu, 5 Mei
Kidonge nimemeza. Uji nimeacha nusu, nimerudi kulala. Mwanangu Neema hataki niguse hata mwiko. "Mama, pumzika. Ukishika sufuria na sisi tupo, Tegeta nzima itatusema." Ni heshima, najua. Inanizika.

Kaka Filbert amepiga simu kutoka Songea. Mwezi ujao anakuja kunichukua, nikapumzike huko moja kwa moja. Sitaki. Nyumba hii nimeijenga kwa mshahara wa ualimu. Ila nguvu za kubisha sina.

Alhamisi, 15 Mei
Kliniki. Nilitaka kuacha dawa, hazifanyi kitu. Kosa langu: nilizichukulia kama dozi ya malaria, siku tatu mtu kaamka. Mwalimu wa baiolojia mzima! Za sonona huchukua wiki kadhaa, na mtu hazikatishi mwenyewe hata akipata nafuu.

Mshauri akauliza nashindaje. Napumzika, nikasema. "Mwalimu, hiyo ndiyo inayokumaliza." Akafafanua vizuri, ningempa alama zote. Mwenye sonona akisubiri hamu ndipo afanye jambo, hamu haiji. Aanze kufanya, kidogo kidogo, hamu itafuata. Nichague nilichokipenda. Nimechagua kupika samaki.

Jumapili, 1 Juni
Nimegombana na Neema juu ya jiko. Amelia, anadhani nasema hanitunzi. Nimemweleza maneno ya mshauri kama darasani, nikarudia. Kanipa kitunguu kimoja. Nimekikata.

Jumanne, 10 Juni
Siku mbaya. Sikuamka. Neema akaleta kisu na kitunguu chumbani. Nimekata nikiwa kitandani.

Jumamosi, 14 Juni
Kaka alifika jana. Leo nimemtoa asubuhi, twende Kunduchi kununua samaki.

"Shikamoo bibi. Changu huyu, wa leo leo!"

Nikafunua matamvua. Kahawia. "Marahaba. Huyu kafa wewe hujazaliwa."

Wauzaji wote wakaangua kicheko. Na mie nikacheka! Kaka alinikodolea macho.

Nimepika wa nazi, peke yangu, mlango wa jiko nimefunga. Kaka amekula mpaka akalegeza mkanda. Akasema, "Mdogo wangu, wewe huendi popote."

Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Jumapili, 15 Juni
Kaka kaondoka na basi la alfajiri. Neema yuko kanisani. Sijapona kabisa, nafuu ni nafuu, na kliniki naendelea. Nyumba kimya. Maharage yanachemka. Naenda kuonja chumvi.