Usitandike Zile Nyasi

Dar es Salaam,
Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba Mungu barua hii ikukute mguu umepungua maumivu, unashuka kisimani na kupanda bila kupumzika njiani. Baba naye kifua chake kinaendeleaje na hizi mvua? Mimi mwili ni mzima, chakula nakula, kazi ipo. Ila moyo hauko sawa, na sitakuzungusha.

Utashangaa kupata barua wakati jana tu tumeongea. Lakini unasema kwenye simu naongea kama napiga mnada, nusu unaisikia, nusu inakupita. Jana nilipokuambia usitandike zile nyasi ulicheka, ukaniuliza tangu lini nyasi zikamdhuru mtu. Jibu lenyewe lina aibu yangu ndani yake. Na leo baba ameondoka na simu kwenda kliniki Bukoba, harudi mpaka Jumamosi. Basi barua hii anaibeba kondakta wa basi la kesho alfajiri, Ijumaa ataiacha dukani kwa shangazi pale Muleba. Shangazi nimempigia akuletee mwenyewe. Sababu sikumwambia, niliona haya.

Mama, unakumbuka kule hotelini Bukoba kabla sijahamishiwa huku, kazi yangu ilikuwa ukoka wa mbele, ule unaotazama ziwa, ambao maharusi hupigia picha. Nilimwagilia, nilikata kwa mashine, na kila baada ya muda tulipiga dawa ya magugu kwa bomba la mgongoni. Dawa ile inaua majani mapana, ukoka unabaki peke yake. Msimamizi aliniambia siku ya kwanza kabisa: nyasi zilizopigwa dawa zikikatwa zinakwenda shimoni, hazitoki getini. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni uchoyo wa wakubwa tu.

Mwezi wa tatu ukaniambia mguu haukupeleki tena rweya, kule uwandani, kukata nyasi, na kibanja kimebaki wazi, migomba imesimama kwenye udongo mtupu. Iliniuma. Nilijua watu wa kijijini kwetu Buganguzi watasema huna mtoto. Siku hiyo tulikuwa tumepiga dawa jana yake tu. Msimamizi alikwenda mazishini, nami nikakata, nikajaza viroba vinne, nikamwomba dereva wa pikapu iliyokuwa inarudi Muleba kufuata ndizi. Ulivyonisifu, mama, nililia. Viwili ukatandaza kibanjani. Viwili ukavikausha ukaviweka darini, ukasema ni vya kutandika sakafuni siku ya ubatizo wa mwanangu Asimwe, niliyekuachia umlee, wageni wakalie nyasi za hoteli.

Nilijua zimekatazwa. Hilo ndilo nililoshindwa kulisema kwenye simu. Zina nini sikujua, lakini nilijua zimekatazwa, na nikazileta nyumbani kwako.

Juzi mwenye hoteli alituletea mtaalamu wa dawa hapa Dar, atufundishe. Akasema dawa ile haitoki upesi kwenye nyasi. Kwenye udongo, kwa mvua na jua, inapungua pole pole. Lakini zikikaushwa na kuwekwa pakavu, inakaa humo humo. Akasema ukizitandaza kwenye maharage, majani yatajikunja kama ngumi na mashina yatajipinda. Si wiki mbili zimepita uliniambia maharage ya upande wa chooni, pale ulipotandaza, yamejikunja yote, na ya upande wa barabara ni mazima? Ukasema jirani yetu Ma Koku ameyatupia jicho. Mama, Ma Koku hajatupa jicho lolote. Ni mkono wangu.

Halafu mtaalamu akauliza nani kati yetu ana mtoto anayetambaa, maana anayetambaa hushika nyasi na mikono ikaenda mdomoni. Wenzangu wakanyoosha vidole. Mimi sikunyoosha. Mwanangu ana miezi tisa, nikamkana mbele ya watu kwa kuogopa kutazamwa.

Baadaye nilimfuata, nikamuuliza kama vile ni habari ya mtu mwingine: mtoto akizitafuna inakuwaje? Akasema inategemea amekula kiasi gani na zilikuwa na dawa kiasi gani, yeye hawezi kujua akiwa mbali. Laiti angeniambia jambo baya ningejua la kuogopa. Sasa naogopa kila kitu. Na jana wewe, kwa furaha yako, unaniambia umeshaanza kutandika chumbani na Asimwe anazivuta anazitafuna kama ndama. Mama, simu haikukatika kwa salio. Niliikata usinisikie nikilia.

Nakuomba uziondoe zote, za chumbani na za darini. Nakujua, wewe hutupi kitu. Utasema basi zikamalizikie kibanjani. Hapana, maharage yameshakuonyesha. Utasema apewe mbuzi. Hapana, dawa hupita kwenye samadi yake, nawe unairudisha kwenye migomba. Kuzichoma pia usizichome, moshi wake siuamini. Baba hayupo, kwa hiyo mwombe Ma Koku amtume mtu achimbe shimo mbali na kisima, zifukiwe pamoja na viroba vyake. Chumba kifagiwe na kupigwa deki. Asimwe aogeshwe kwa sabuni, nguo zake na blanketi vifuliwe, nawe unawe vizuri. Akitapika, akilegea au akikataa maziwa ya chupa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usimpe kwanza dawa ya mizizi. Jina la dawa nimeliandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa, umwonyeshe daktari.

Najua Jumapili ni ubatizo. Najua akina mama wa kikundi chako cha kanisa watakuja na watoto wao mgongoni, na ulishawaambia watakalia nyasi ambazo hawajawahi kuziona. Azima mikeka. Wakinong'ona, waambie hivi: binti yangu aliniletea kitu alichokatazwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo ulivyonifundisha, ila mimi guu sikulivunja langu. Na kama kuna mtu ulimgawia, hata konzi moja, mtumie habari.

Ruhusa nimeomba, wanasema mwisho wa mwezi. Nikisikia mtoto hayuko sawa sitawangoja.

Msalimie mdogo wangu Kemilembe akirudi kutoka shuleni Kamachumu, mwambie asome. Msalimie mama mchungaji. Ma Koku msalimie kwa jina langu na umwombe radhi, au nitamwomba mwenyewe nikija. Baba akirudi mpe pole ya safari.

Jumamosi jioni baba akifika na simu, nitapiga. Najua kwako salamu lazima ziulize habari za wote nyumbani, mpaka za mbuzi, na mtoto asiyeamkia hakulelewa. Siku hiyo nisamehe, mama. Ukipokea, tusianze na shikamoo wala marahaba. Niambie kwanza kwamba sakafu iko tupu.

Mimi binti yako,
Kokugonza