Kompyuta Iliyokuwa Chumbani kwa Mama Mkwe

Mpendwa mama mkwe,

Sijui huko uliko kama kuna stima, lakini kompyuta yako ya Gilgil bado inawaka, ingawa inakoroma kuliko sisi sote.

Unakumbuka 2008? Ulikuwa ukimwandikia mke wangu Nekesa habari za baba yake, aliyefariki kabla Nekesa hajaanza kutembea. Ulikuwa umeyaandika yote kwenye mfumo wa Linux niliokuwekea, bila nakala nyingine popote. Kisha mimi mjuaji nikakutumia CD ya Windows, eti uiweke kando yake ndipo printa ikubali. Windows ikaingia, ikafuta ile programu ndogo ya mwanzoni mwa diski inayoiamsha Linux. Maandishi yakafungiwa ndani.

"Mkwe," ulisema kwa simu, "mzee wangu amenipotea mara ya pili."

Nilitoka Nakuru bila hata chai. Kurudisha programu ile ni kazi ya dakika kumi. Lakini soketi ya sebuleni ilikuwa imeungua, kompyuta iko chumbani kwako, na mkwe haingii chumba cha mama mkwe hata paa likishika moto. Nekesa alikuwa kazini. Basi nikasimama nje ya dirisha, mvua ikininyeshea, wewe ndani na CD ya Linux niliyokuja nayo, pazia katikati yetu.

"Hapo weka slash, mama."

"Slash ni kale kafimbo? Kanalalia Nakuru ama Naivasha?"

"Kichwa kiende Naivasha, mkono wa kulia. Na usibonyeze Enter kwanza, nisomee yote."

Ukasoma herufi moja moja kwa sauti yako ya karani wa korti. Moyoni nilikuwa nikiomba. Ningemwambia nini mke wangu, kwamba nimemzika baba yake upya?

Ukabonyeza, ukaiwasha tena. Kisha nikakusikia ukisoma: "Baba yako alikuwa na miguu mirefu, na ubishi mrefu zaidi."

Ukasogea kwenye pazia. "Amerudi, mwanangu."

Siku zote ulikuwa ukiniita mkwe. Nililia palepale, na nashukuru kulikuwa na mvua.

Mila haikuturuhusu hata kushikana mikono, mama, kwa hiyo sikuwahi kukuambia kwamba nilikupenda sana. Nakuambia leo.

Juzi Naliaka wetu aliuliza babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Kabla sijafungua mdomo Nekesa akaanza kumsimulia, akicheka, kama mtu aliyelelewa naye.

Pumzika, mama.

Mkweo,
Baba Naliaka