Meli ya Angani Iliyogeuka Njiani

Kibondo, wakati wa masika

Baba,

Nimerudi. Tulipokuzika, safari yangu ya masomo ya unesi ilikuwa imeshapangwa, na Mama akasema niende tu, maana kubaki kwangu kusingekuamsha. Basi nikaenda Ujerumani, kwa Wadachi wako. Juzi nimeshuka kwenye lori kutoka Kasulu, nikakuta nyumba yetu haipo. Watu wote wa mlimani wamehamishiwa huku barabarani, nyumba zimepangwa kama meno. Mama anapanda maharage kwenye udongo asioujua. Wewe umebaki kule juu peke yako na migomba, na nakuambia kweli, umepata nafuu.

Ila nililokaa nikuandikie ni jingine.

Jumapili moja, Gerda, nesi mkuu wa wodi nilimokuwa nafanya kazi, alinipakia kwenye gari lake akanipeleka kwenye jumba la makumbusho. Gerda ni mwanamke mwema, simsemi vibaya. Alisema humo mna kitu kinachohusu nchi yangu. Mji wenyewe uko kando ya ziwa wanalolisifu mno. Nikalitazama, nikaona ng'ambo bila taabu, nikanyamaza kwa adabu.

Jumba lote ni habari za meli za angani. Usifikirie ndege. Fikiria mfuko wa kitambaa uliojazwa gesi, umbo kama muhogo, mrefu kama kutoka kanisani hadi kisimani, na kwa chini kimening'inizwa kibanda cha watu. Zamani matajiri walisafiri humo. Wamewahifadhia vikombe vyao vya chai, kofia zao, vijiko vyao. Kijiko kimelazwa ndani ya kioo kama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Watu wanapita wakinong'ona kama wako ibadani. Kwa ajili ya kijiko, Baba.

Mzee mmoja mwenye tai, anayetembeza wageni, alipojua ninakotoka alifurahi sana. Akanivuta hadi kwenye ramani yenye mstari mwekundu unaoanzia Ulaya, unavuka bahari, unashuka jangwani. Akaeleza kwamba katika vita vile vya kwanza, Wadachi waliokuwa kwetu walipozidiwa, walitumiwa meli ya angani iwaletee risasi na dawa. Haikutakiwa irudi. Ikifika ingekatwakatwa: kitambaa chake kiwe mahema na bandeji, na ngozi iliyotandikwa mle ndani ishonwe viatu.

Viatu. Nikaiona miguu yako. Nikaviona vile vidole vilivyoliwa na funza ulipowabebea Wadachi mizigo pekupeku hadi kusini kusikojulikana. Jioni nilipokuwa nikikuosha kwa maji ya moto ulikuwa ukisema, "Taratibu hapo, hapo amelala Mdachi." Nami nilicheka, nikidhani Mdachi ni jina la ugonjwa.

Nikamuuliza yule mzee, "Viatu vya nani?"

"Vya askari," akasema. "Wetu na wenu. Wenu walikuwa waaminifu sana."

"Na wapagazi?"

Akageukia kibao cha maelezo, akakisoma toka juu hadi chini, kana kwamba labda mmejificha humo. Kisha akasema, "Hao siwajui."

Mzee huyo hamjui Gwimo, kaka yako, aliyeanguka na sanduku la risasi kichwani. Wakaliokota sanduku, wakakutwika wewe, wakakukataza hata kumfunika majani. Lakini ukimwuliza ni bibi gani alikunywa chai kwa kikombe kipi, anakujibu papo hapo.

Nikauliza meli ilifika wapi. Akahuzunika, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. Ilifika juu ya Sudani, akasema, ikapokea simu ya upepo, ile isiyo na waya, kwamba mambo yameharibika, irudi. Ikarudi. Na hilo ndilo wanalolisherehekea, kwamba ilikwenda na kurudi mbali vile bila kutua. Kwetu mtu akitumwa sokoni akarudi na kapu tupu, anachekwa hadi siku ya kuzikwa. Kule wamemjengea chumba chenye taa.

Nikamwambia, "Hizo risasi zingeshuka, nani angezibeba?"

Gerda alikuwa ameiva uso mzima. Njiani nikamsimulia habari zako, na tulipofika mlangoni aliniuliza jina lako. Nikamtajia.

Jana nimemsimulia Mama. Alikuwa anamenya muhogo, hakushangazwa na meli hata kidogo. Aliuliza tu, "Hao wa huko juu, nani aliwaambia warudi?"

"Waliambiwa kwa simu ya upepo."

"Na baba yako aliambiwa na nani?"

Ulitusimulia mwenyewe: uliamka ukakuta kambi imehamwa, moto umezimwa, hakuna aliyekuita. Ukaanza kurudi. Ni mwanamke mmoja aliyekuwa akichota maji mtoni aliyekuambia kwamba vita vimekwisha zamani, akakupa kiazi, akakuonyesha upande wa nyumbani kwa kidole. Mama akachukua muhogo mwingine, akaendelea kumenya.

Jumamosi tutapanda mlimani kukung'olea magugu, mimi na yeye, goti lake likikubali. Na mwalimu wa shule ya huku ameniomba nikawasimulie watoto maajabu niliyoyaona Ulaya. Nitakwenda, Baba, nakuahidi. Meli nitawachorea, kwa kuwa watoto hupenda vitu vinavyoruka. Kisha nitawatajia Gwimo, wamjue. Na wakiniuliza ajabu lililonishinda ni lipi, nitawaambia kwamba ulifika nyumbani kwa miguu ile.

Lala salama, Baba.

Binti yako