Siku ya Mazishi Yako Nilibaki na Muhuri

Mzee wangu,

Najua hukupenda barua ndefu. Kila nilipokusomea ya serikali ulifumba macho, nikadhani umelala, kumbe unangoja nifike kwenye neno lenye maana. Basi leo nakwenda moja kwa moja: sikukuzika. Nakuandikia nikuombe radhi, na zaidi nikushukuru.

Unakumbuka baraza lilivyokuwa kabla hujawa mwenyekiti wake. Karatasi yoyote, hata ruhusa ya mtu kwenda kumwona dada yake Uvira, ilingoja wazee wote saba wakae pamoja. Mmoja akifiwa, baraza halikai. Mmoja akienda kwa wakwe zake, halikai. Watu walishuka kutoka milimani wakalala nje ya ofisi siku tatu, nne, mpaka chakula chao kikaisha. Wewe ndiwe uliyewaambia wazee wabaki na kesi za mashamba na ugomvi wa koo, karatasi za kila siku watuachie sisi makarani. Mzee Alimasi alinuna mwezi mzima.

Na mimi nilikuaibisha vizuri tu. Wiki ya kwanza nilitia muhuri mfukoni nikapita nyumba kwa nyumba kuwaonyesha wazee kila karatasi kabla ya kuigonga. Ulicheka hadi ukakohoa. "Tulikupa kazi," ukasema, "hatukukupa safari." Baadaye nikajifanya hodari, nikampa ruhusa mtu aliyekuwa anakimbia kesi yake barazani. Wazee walitaka muhuri urudi kwao. Nilisimama pale mlangoni, nikakusikia ukisema: "Mi njo nilimutuma. Kosa yake iko yangu." Hakuna aliyewahi kunibebea kosa hivyo, hata baba aliyenizaa.

Sasa sikia habari ya siku ile. Wenzangu walikuwa wametangulia mjini Baraka kwenye mazishi. Mimi hapa Fizi nilikuwa nafunga mlango wa ofisi, akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, homa imemshika mtoto mpaka macho yamegeuka. Lori la kwenda Uvira, kwenye hospitali, lilikuwa linapakia, na dereva hakubali mtu asiye na karatasi. Nilifungua. Akapata yake, akakimbia. Nyuma yake walikuwa wameshajipanga wengine, kila mmoja na shida yake. Nilitaka kuwaambia warudi kesho. Kweli, Mzee, nilitaka. Lakini nikaketi tena, nikaandika mpaka wa mwisho. Nilipofika Baraka udongo ulikuwa umeshasawazishwa, waliokuzika wananawa mikono. Nililia mbele za watu, sikuona haya.

Matanga yalipoanuliwa, baraza likakaa kwa ajili yangu. Mzee Alimasi alisema nimekudharau, kwamba asiyemzika mkubwa wake hafai kushika muhuri, na kazi yote irudi kwa wazee kama zamani. Wengi waliitikia. Nikauweka muhuri mezani mbele yao. Ndipo mkeo, Mama Neema, aliyekuja kuwashukuru wazee kwa matanga, akaomba neno. Hakupandisha sauti.

"Kama angeachaka ule mama juu ya kuya ku maziko," akasema, "bwana yangu angeamuka mu sanduku, amurudishe ku biro, ku muhuri yake."

Mtu mmoja akacheka, na wote wakacheka, maana kila mmoja alikuona vile ulivyokuwa. Mzee Alimasi alicheka na machozi yakamtoka hapo hapo. Akausukuma muhuri ukarudi upande wangu wa meza, akaniambia niandike kwenye kitabu cha baraza kwamba karatasi zitabaki kwa makarani. Niliandika kwa mwandiko mbaya kuliko wote wa maisha yangu. Mtoto yule, nimesikia, amepona.

Asante, Mzee. Si kwa kazi tu. Uliniamini kabla sijastahili, nami sikuwahi kukuambia nimeliona hilo.

Nakuahidi hakuna mtu atakayeambiwa arudi kesho kwa sababu mimi naogopa kuamua. Nikikosea, kosa nitalibeba mwenyewe. Wewe umebeba ya kutosha. Lala salama. Nitakuja kaburini kwako Jumapili, baada ya misa. Siku za kazi usinitazamie.

Karani wako,
Etabo