Namba Themanini na Moja Pale Birongo

Kwako Baba mdogo,

Huku mvua imenyesha wiki nzima na udongo umelainika vile ulivyokuwa ukipenda. Ungekuwepo, Jumapili asubuhi ungenigongea dirisha twende. Jumamosi hapana, Sabato ni Sabato, hata mashine yako ya kutafutia sarafu ulikuwa unaifunika.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara nyingi mno. Umesema mashine iwe yangu kabisa, kaka yangu Kefa asinisumbue, kwa sababu hujaona mtu mwenye sikio kama langu. Nililia jikoni, mama akadhani ni moshi. Kuna jambo sijawahi kukuambia, na sitaki uniachie mashine kabla hujalijua.

Kwanza niseme nilivyokuwa nikikutazama. Mtu mwingine angekimbilia jembe kila mashine ikilia. Wewe ulisimama, ukaipitisha ile sahani ya chini ya mashine juu ya udongo mara mbili, ukazunguka, ukaipitisha tena kutoka upande mwingine. Namba kwenye kioo ikirukaruka, thelathini, sabini, kumi na tano, ulisema, "Huo msumari, unajigamba tu." Ikitulia pande zote mbili, ulichuchumaa. Ulinifunza kwamba udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake, kwa hivyo mashine lazima iuzoee kwanza, la sivyo italia ovyo siku nzima. Na kifuniko cha soda, ambacho hudanganya kwa namba nzuri kabisa, ulikiumbua kwa kuvuta sahani nyuma polepole. Kikifika kwenye ncha ya sahani, mlio unavunjika, unakoroma. Sarafu haikoromi. Inalia safi hadi mwisho.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba ulitaja jibu kabla ya kuchimba, kwa sauti, mbele ya mwenye shamba na majirani. Ukikosea, ulikuwa wa kwanza kucheka. "Nimepigwa!" ulisema, ukafukia shimo vizuri hadi nyasi zikarudi mahali pake. Mimi ambaye darasani najua jibu na bado siinui mkono, nilikuona kama mtu aliyezaliwa bila woga.

Sasa Birongo. Unakumbuka ile sehemu soko lilipokuwa zamani, na yule mama aliyeturuhusu kupima? Vijana wa bodaboda walikuwa wameegesha pikipiki kando ya barabara wakitutazama.

"Mzee, mnatafuta network ama?"

"Na huyu msichana ndiye fundi? Apime basi tuone dhahabu!"

Ukanipa mashine. Ikalia. Themanini na moja. Nikazunguka, themanini na moja. Nikavuta nyuma polepole na mlio ukabaki safi. Ukaniambia, "Kemunto, sema."

Nilijua, Baba mdogo. Nilijua kabisa. Lakini wale vijana walikuwa wakisubiri kunicheka. Nikasema, "Kifuniko cha soda."

Uliniangalia kidogo. Nawe ulikuwa umesikia ule mlio. Ukasema, "Sawa, umesema wewe," tukasonga mbele, ukaiacha sarafu ardhini kwa sababu ya neno langu.

Jumapili iliyofuata ulienda Suneka. Nilichukua mashine bila kukuomba, nikarudi Birongo, nikamwomba yule mama ruhusa kwa sauti ndogo hadi akaniuliza mara tatu. Nikachimba. Ilikuwa senti kumi ya zamani, ile kubwa yenye tundu katikati, imeota ukijani pembeni. Nikaificha kwenye mkebe wangu wa jiometri. Uliporudi uliniuliza siku yangu ilikuwaje. Nikasema nilikuwa nasoma. Mwezi uliofuata ukasafiri kwenda Qatar.

Nimejaribu kujirekebisha. Wiki iliyopita shangazi wa Ekerenyo aliniita nipime uwanja wake. Alikuja yeye, watoto wake, na majirani watatu wakiwa bado na vikapu vya majani chai mgongoni. Namba ikatulia kwenye sabini na nane. Nikapima pande zote, nikavuta nyuma. Nikasema kwa sauti, "Hii ni sarafu."

Kikatoka kipande cha kufuli ya shaba.

"Mbuya mono!" shangazi akanipongeza huku akicheka. "Sasa hicho nikipeleka dukani nitapewa sukari?"

Wote wakaangua kicheko. Nikafukia shimo, nikapiga hatua mbili, mashine ikalia tena, nikataja jibu. Sikufa.

Ile senti ni yako. Nimeiviringisha kwenye kitambaa, inakungoja. Mashine nimeifuta matope na kuiondolea betri. Ukiamua iende kwa Kefa, nitampelekea mwenyewe na nimfunze kuvuta nyuma polepole, maana yeye ana haraka. Lakini ukiniachia mimi, niachie ukijua.

Jikinge na hilo joto la huko, na ule vizuri.

Mimi binti yako,
Kemunto